Hujafa Hujaumbika: Huduma ya Kujitolea kwa Paka Wenye Mahitaji Maalumu

Utangulizi

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayemdhihaki mwenzake aliyepatwa na ulemavu, kwa kuwa hakuna ajuaye kesho itamletea nini. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu hayawani. Hata hivyo, paka anayegongwa na gari akapooza miguu ya nyuma alikuwa mzima jana yake kama paka mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba binadamu aliyelemaa huweza kudai haki yake kwa ulimi, ilhali paka humtegemea kabisa yule anayeamua ama kumtazama ama kumpa kisogo.

Makala haya yanafafanua kazi ya watu wanaojitolea kuwahudumia paka wa aina hii katika makao ya wanyama. Yataeleza istilahi zinazohusika, mahitaji yenyewe na namna yanavyokidhiwa, na hatimaye kulijadili swali zito ambalo kila mhudumu hukumbana nalo: je, ni lini huduma huwa ni rehema, na ni lini huwa ni kurefusha mateso?

Istilahi na maana zake

Kiswahili kina hazina ya maneno yanayotaja kasoro za mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, chongo. Mengi ya maneno haya yana kiambishi ki-, ingawa kisarufi nomino zake huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, kama inavyodhihirika katika sentensi: Kipofu huyu amefika. Katika miaka ya hivi karibuni wazungumzaji wengi wamependelea maelezo kama vile mwenye ulemavu na mwenye mahitaji maalumu. Wapo wanaouona mwelekeo huo kuwa ni tasfida tu. Lakini mtu akiyapima maneno hayo kwa makini, atagundua kwamba yanaelekea pande mbili tofauti. Neno kilema hutaja kinachokosekana katika mwili wa anayesemwa. Neno mahitaji hutaja kinachopaswa kutolewa na walio karibu naye. La kwanza humwelekea mgonjwa, la pili humwelekea mhudumu.

Kitenzi kujitolea nacho kina mafunzo yake. Mzizi wake ni toa, ambao umepewa kiambishi cha kujirejelea -ji- na kunyambuliwa katika kauli ya kutendea. Anayejitolea, basi, hutoa nafsi yake kwa ajili ya jambo fulani. Kinachotolewa hapa si fedha, na ndiyo maana methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, inaiafiki kazi hii barabara.

Makao ya wanyama na chimbuko la tatizo

Nchini Kenya, shirika la KSPCA, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1910, huendesha makao ya wanyama katika eneo la Karen, Nairobi, na huwapokea mbwa, paka na punda miongoni mwa wanyama wengine. Nchini Marekani, shirika la Best Friends lilianzisha hifadhi yake karibu na mji wa Kanab, jimbo la Utah, mwaka 1984. Hifadhi hiyo ina nyumba zilizotengwa kwa paka wenye maradhi ya kudumu na wenye ulemavu, na watu kutoka sehemu mbalimbali huenda huko kujitolea. Nchini Uingereza, makao ya Battersea jijini London yaliasisiwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na yakaanza kuwapokea paka mwaka 1883.

Chimbuko la msongamano katika makao mengi ni uzazi usiodhibitiwa. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, naye huibeba kwa takriban majuma 9. Kwa hiyo anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husisitiza kuhasiwa kwa madume na kufungwa uzazi kwa majike, hasa pale ambapo paka huranda vichochoroni na sokoni bila ya kuwa mali ya mtu mmoja, kama ilivyo katika mji wa Lamu.

Nafasi inapokuwa haba, wanaochukuliwa kwanza na wafugaji ni watoto wa paka walio wazima. Paka mzee, kipofu au mgonjwa hubaki nyuma. Kadiri anavyokaa ndani ya kizimba ndivyo anavyozidi kuwa na hofu, na kadiri anavyokuwa na hofu ndivyo anavyozidi kukataliwa. Mduara huu ndio ambao mhudumu wa kujitolea huitwa kuuvunja. Paka aliyezoeshwa mikono ya watu, ambaye tabia zake zinajulikana na kuelezeka, ana nafasi ya kupata nyumba ambayo paka anayejificha pembeni hana.

Aina za mahitaji na jinsi ya kuyakidhi

Watoto wa paka wengi hupoteza macho kutokana na mafua makali ya paka yasiyotibiwa mapema. Paka kipofu, hata hivyo, huishi vyema kwa kutegemea masikio, pua na sharubu, na huichora ramani ya chumba akilini mwake. Wajibu wa mhudumu ni kutoivuruga ramani hiyo: bakuli la maji, chakula na sanduku la mchanga hukaa mahali pamoja siku zote. Kabla ya kumgusa, ni sharti amsemeshe, kwani mkono unaotokea kusikojulikana humtia kiwewe. Paka kiziwi naye huhitaji kinyume chake. Humjia mtu kwa kumwona, au kwa kuhisi mtetemo wa hatua sakafuni. Uziwi huonekana sana miongoni mwa paka weupe wenye macho ya samawati, kwa kuwa jeni inayoleta weupe huo huweza kuathiri sikio la ndani.

Wapo pia paka wanaotembea kwa kuyumbayumba kama walevi, vichwa vyao vikitetemeka kila wanapolisogelea bakuli. Aghalabu hali hii hutokana na virusi vilivyomshambulia mama yao alipokuwa mjamzito, vikaizuia ile sehemu ya ubongo inayoratibu mizani ya mwili isikue ipasavyo. Hali hiyo haiambukizi, haina maumivu na haizidi kuwa mbaya. Sakafu isiyoteleza, bakuli zito na sanduku la mchanga lenye kuta ndefu za kuegemea huwatosha wengi wao.

Paka aliyepooza nyuma huhitaji kazi ngumu zaidi. Aliyepoteza uwezo wa kukojoa mwenyewe hubidi kukamuliwa kibofu kwa mkono, mara mbili au tatu kwa siku. Kazi hii hufunzwa na daktari au mhudumu mwenye uzoefu, kwani nguvu ikizidi huweza kudhuru, na ikipungua mkojo hubaki ndani ukazua maambukizi na hata kuharibu figo. Baada ya hapo paka husafishwa na kukaushwa ili ngozi isichubuke.

Kuna kundi la nne, la paka wenye virusi vya kudumu. Virusi vya lukemia ya paka viligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake mjini Glasgow. Huenea kwa mate, yaani paka wanapolambana au kula chombo kimoja, na kwa hiyo wenye virusi hivi hutengwa na wenzao. Virusi vya upungufu wa kinga vya paka vilitambuliwa mwaka 1986 huko California, Marekani, na huenezwa hasa kwa majeraha makubwa ya kuumana. Paka mwenye virusi hivi vya pili anaweza kuishi miaka mingi akiwa na afya nzuri. Hakuna hata kimoja kati ya virusi hivi kinachomwambukiza binadamu. Jambo hili hufaa kurudiwa mara kwa mara, maana paka wengi hukataliwa kwa sababu ya jina la ugonjwa wao tu.

Hatimaye kuna paka wenye kisukari, ambao wengi wao hudungwa insulini kila baada ya saa 12, sambamba na mlo. Paka aliyekataa kula hadungwi kipimo chake cha kawaida kabla ya daktari kuulizwa. Sukari ikishuka kupita kiasi, paka hulegea, hupepesuka na huenda akapata kifafa na kufa.

Jicho na daftari

Wengi hudhani kwamba anayejitolea huenda makaoni kuwapakata paka. Kupakata kupo, na kuna manufaa. Lakini kazi iliyo muhimu zaidi ni kuangalia na kuandika. Paka ni mnyama anayeficha maumivu. Hujikunyata kimya pale ambapo mbwa angelia. Dalili zake ni ndogo: amekula nusu ya chakula, hakuyalamba manyoya yake, ameketi ndani ya sanduku la mchanga bila ya kukojoa. Paka dume anayejikakamua kukojoa bila ya kutoa kitu huenda njia yake imeziba, na asipotibiwa hima anaweza kufa katika muda wa siku chache.

Uzani nao hufaa kupimwa kila juma. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200, jicho huenda lisitambue. Hata hivyo, hiyo ni asilimia 5 ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 3. Paka anayekaa siku kadhaa bila ya kula, hasa aliyekuwa mnene, huweza kupata ugonjwa hatari wa mafuta kujaa katika ini. Kwa hiyo mstari mmoja daftarini, usemao kwamba paka fulani hakula jioni, huenda ukaokoa uhai kuliko saa nzima ya kubembeleza.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kujitolea kwa pupa. Mhudumu anayefika kila siku kwa juma moja kisha akatoweka huwavuruga paka waliokwisha kumzoea, na huacha pengo katika ratiba ya dawa. Afadhali anayeahidi saa mbili kila Jumamosi na kuitimiza ahadi yake mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadhari

Upendo bila ya maarifa huweza kuua. Vidonge vya paracetamol, ambavyo hupatikana katika takriban kila duka, ni sumu kali kwa paka. Dawa za binadamu hazifai kutolewa bila ya idhini ya daktari wa mifugo. Mhudumu mwenyewe pia yumo hatarini. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka vilevile, na dalili zake zikishajitokeza karibu kila mara huishia kifo. Anayeumwa au kukwaruzwa yafaa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini bila ya kukawia. Mama mjamzito hushauriwa asisafishe masanduku ya mchanga, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Swali la rehema

Wapo wanaouliza: kwa nini paka, ilhali wapo watoto wasio na chakula? Swali hili ni la haki na halistahili kubezwa. Jibu lake la kwanza ni la kisheria: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na jamii iliyojiwekea sheria hiyo imekiri kwamba ina dhima kwao. La pili ni la kimaadili. Paka hakujileta mjini. Alikaribishwa azuie panya ghalani na jikoni. Methali yetu husema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Aliyekaribishwa akatumika, kisha akatupwa alipolemaa, ametendewa dhuluma, na moyo uliozoea dhuluma hiyo hauna hakika ya kukomea kwa paka.

Hata hivyo, ni sharti ukweli mwingine usemwe. Si kila paka anayeweza kuokolewa anapaswa kurefushiwa maisha. Pale ambapo maumivu hayatulizwi na dawa, paka ameacha kula, haupokei tena mkono alioupenda, na siku mbaya zimezidi siku njema, madaktari wa mifugo wengi huona kwamba kifo kisicho na maumivu ndiyo huduma iliyobaki. Uamuzi huo ni wa daktari na wasimamizi wa makao. Lakini huegemea ushahidi wa wale waliokaa na paka huyo kila siku, na hapa daftari hurudi kuwa na uzito: mhudumu aliyeandika kwa uaminifu humkinga paka na makosa mawili, kuuawa mapema kwa sababu ya sura yake, na kuachwa ateseke kwa sababu ya huruma ya watu.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba mahitaji ya paka hawa, kwa sehemu kubwa, ni mambo madogo yanayotakiwa kutendwa bila ya kukosa: bakuli mahali pake, sindano kwa saa yake, kibofu kilichokamuliwa, mstari ulioandikwa. Vyuo vyetu vina wanafunzi wengi wenye Jumamosi zisizo na shughuli, na makao ya wanyama hayana mikono ya kutosha. Anayetaka kuanza na aende kwanza kuuliza, afunzwe, kisha aahidi saa anazoweza kuzitimiza. Paka aliyezoea hatua zake mlangoni atazisubiri.