Kijibwa si mwanasesere wa Krismasi

Kama umewahi kusafiri kutoka Meru hadi Nairobi kwa njia ya Nkubu, Chuka na Runyenjes, bila shaka unaijua steji ya Embu. Abiria hushuka kunyoosha miguu, wauzaji wa ndizi na njugu hukimbilia madirisha, na utingo hupiga kelele kwamba gari linaondoka hata kabla dereva hajamaliza chai yake. Ni mahali hapo, wiki ya kwanza ya Januari miaka michache iliyopita, nilipomwona kijibwa mweupe amejikunyata chini ya meza ya mama muuza chai. Manyoya yake yalikuwa yameshikana kwa matope. Shingoni bado alikuwa na utepe mwekundu, kama ule unaofungiwa zawadi.

"Ni wa nani, mama?" nikauliza.

"Si wa mtu, mwanangu," akajibu huku akimiminia wateja chai. "Gari dogo lilisimama pale juzi jioni, mlango ukafunguliwa, kisha likaenda. Tangu hapo kila gari linalofanana na lile analikimbilia."

Matatu yetu ilipiga honi. Nilipanda, nikaenda zangu. Nilijiambia kwamba sina nafasi nyumbani, kwamba mbwa ni mbwa tu, na kwamba atapata mtu. Lakini kabla hatujafika Makutano nilikuwa nimeanza kujiuliza: huyo mtu ni nani hasa?

Zawadi yenye pumzi

Tuseme ukweli. Mbwa mdogo amekuwa fahari ya familia nyingi za mjini. Kuna Maltese mwenye manyoya marefu kama hariri, kuna Japanese Spitz mweupe pepepe, kuna Chihuahua ambaye hata akikomaa huwa hafikishi kilo tatu, na kuna Jack Russell mchangamfu asiyejua kukaa kitako. Watoto humwona kwa jirani au kwenye televisheni, nao huanza kulia. Baba hushindwa nguvu, na Desemba inapofika kijibwa huletwa nyumbani ndani ya kikapu.

Miezi michache baadaye mambo hubadilika. Mwenye ploti hataki mbwa. Jirani wa juu analalamikia kubweka. Watoto wamerudi shule za bweni na hakuna wa kumtembeza. Daktari wa mifugo anadai chanjo. Hapo ndipo mzee wa nyumba hupata wazo analoliona la busara: "Tumpeleke mashambani kwa nyanya. Huko kuna nafasi, na atasaidia kulinda boma."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila huyu mgeni jembe hilo hawezi kulibeba. Mbwa wa kienyeji wa Meru na Embu ni mbwa hodari aliyezoea kazi. Mchana amefungwa, usiku anazunguka boma, na chakula chake ni kile kilichobaki. Kijibwa cha kilo tatu akikosa chakula siku nzima, hasa akiwa bado mchanga, sukari mwilini hushuka, akatetemeka na hata kuzimia. Ukungu wa Julai kwenye miteremko ya Mlima Kenya humpenya mifupani. Mbwa wakubwa wa jirani humwona kama windo. Barabarani ni mfupi mno kuonekana na dereva, na yeyote aliyewahi kukutana na pikapu za miraa zikiteremka mbio kutoka Maua anajua kwamba hazina muda wa kukwepa.

Isitoshe, kuna kupe. Wakazi wa Meru wanamkumbuka Elsa, yule simba aliyelelewa na Joy na George Adamson, na ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Wanyama ya Meru. Elsa hakuuawa kwa bunduki wala na simba wenzake. Alikufa mwaka wa 1961 kwa ugonjwa wa babesia, unaoenezwa na kupe. Vijidudu vya jamii hiyo hiyo huwashambulia mbwa. Ikiwa simba mzima aliangushwa, sembuse kijibwa aliyezoea zulia la sebuleni?

Kazi ya wanaookoa

Kazi ya kuwaokoa mbwa waliotupwa haikuanza leo. Mwaka wa 1860 mama mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua nyumba ya kuwatunza mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti moja mashuhuri la huko likamcheka, likishangaa kwamba mtu aweza kuwajengea mbwa makao. Nyumba hiyo ilihamia mtaa wa Battersea mwaka wa 1871, na hadi leo ingali inafanya kazi. Hapa kwetu Kenya, chama tunachokijua kwa jina la KSPCA kina mizizi yake mwaka wa 1910. Makao yake makuu yako Nairobi, na huwapokea mbwa, paka, punda na wanyama wengine waliotupwa au kuteswa, huwatibu, kisha huwatafutia wenyewe wapya.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani kumetokea pia vikundi vinavyoshughulika na mbwa wadogo peke yao. Ukivitafuta vikundi hivi, aghalabu hutaona lango wala kibao. Havina jengo. Vina watu. Mmoja ana gari, mwingine ana chumba cha ziada, wa tatu ni hodari wa kushika simu, na wa nne ni daktari anayekubali kutibu kwa bei nafuu. Mbwa akipatikana upande mmoja wa nchi na mwenyewe mpya akawa upande mwingine, madereva hupokezana: huyu anamfikisha mji fulani, yule anamchukua hapo na kumsogeza mbele, kama kijiti cha mbio za kupokezana.

Nguzo ya kazi yao ni familia ya kulea kwa muda. Kijibwa aliyetupwa hukaa kwanza wiki kadhaa katika nyumba ya kawaida, penye watoto, redio na kelele za jikoni. Sababu ni rahisi. Ukimtia katika kizimba katikati ya mbwa wengine 50 wanaobweka, atajikunja pembeni atetemeke, nawe hutajua tabia yake. Nyumbani utajua kama anaogopa wanaume, kama anauma akiguswa anapokula, kama meno yanamsumbua, au kama goti lake huteguka, maana hayo ya meno na magoti huwapata sana mbwa wadogo.

Baadaye ndipo maswali huanza, na anayeulizwa ni binadamu. Je, nyumba ni yako au unapanga? Mwenye nyumba anaruhusu? Nani atabaki na mbwa mchana? Una watoto wa umri gani? Mtu hutumwa kuja kuona lango na ua. Mbwa huchanjwa, dume huhasiwa na jike hufungwa kizazi kabla ya kukabidhiwa. Ada hutozwa, na aghalabu haitoshi hata gharama za daktari. Mwisho, mwenyewe mpya hutia sahihi kwamba akishindwa atamrudisha mbwa kwa kikundi, hatamtupa. Wengine huona ukali huo kama dharau. Lakini mbwa huyu amekwisha kutupwa mara moja, na wanaomlea hawataki atupwe mara ya pili.

Si habari ya mbwa peke yake

Najua kuna msomaji atakayesema, "Watu wana njaa, nanyi mnahangaikia mbwa?" Swali hilo si la kupuuzwa, maana ndilo alilokabiliwa nalo Mary Tealby. Jibu langu ni hili: mbwa aliyetupwa hatupwi jangwani. Hutupwa penye watoto.

Kichaa cha mbwa bado kinaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, wengi wao Afrika na Asia. Visa 99 kati ya kila 100 vya binadamu hutokana na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Na tusidanganyike kwamba mbwa akiwa mdogo hana hatari. Kinyume chake, mdogo ndiye anayebebwa, anayebusiwa, anayelala kitandani na mtoto. Meno yake ni madogo, lakini mate ni yale yale.

Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Majirani wetu wa Laikipia, wanaopakana na Meru, wameonyesha kwamba watu wa kawaida wana nafasi katika kazi hiyo. Tangu 2015 wanasayansi, madaktari wa mifugo, wanafunzi na watu wa kujitolea wamekuwa wakienda vijijini huko kuchanja mbwa, ili kuwalinda watu, mifugo na hata mbwa mwitu. Watoto huja wakiburuta mbwa kwa kamba za sisal, na hurudi nyumbani na kadi ya chanjo.

Meru na Embu tungeanzia wapi?

Kutoka mjini Meru hadi makao ya KSPCA ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Hakuna atakayembeba kijibwa mgonjwa kwa matatu umbali huo kila anapomwona mmoja. Kwa hivyo, uokoaji sharti uanzie pale pale mbwa alipo, nao hauhitaji mamilioni.

Kwanza, familia tano au sita zinazokubali kulea kwa muda, kila moja mbwa mmoja tu. Anayechukua kumi kwa huruma huishia kuwatesa wote. Pili, daktari au msaidizi wa afya ya mifugo aliyesajiliwa. Ofisi za mifugo za kaunti zipo, na Kirinyaga, jirani ya Embu, kuna chuo cha AHITI Ndomba kinachofunza wasaidizi hao. Tatu, wanafunzi. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vina vijana wenye nguvu, simu na mapenzi ya wanyama. Nne, daftari: mbwa ametoka wapi, amechanjwa lini, amekwenda kwa nani. Kikundi kikishakomaa chaweza kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kama vinavyosajiliwa vikundi vya akina mama.

Wewe uliye mjini nawe una sehemu yako. Kabla ya kununua, kumbuka kwamba mbwa mdogo aweza kuishi miaka 12 hadi 16. Mtoto wako wa darasa la pili atakuwa amemaliza chuo. Kama umeshindwa, sema mapema, umtafutie mtu anayemfaa, umpe na kadi yake ya chanjo. Ukiwa na jike, mfunge kizazi, maana mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi tu, na vijibwa wa kugawa ovyo ndio wanaojaa barabarani. Kumtupa mnyama mahali atakapoteseka si kosa la huruma tu. Ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360.

Na ukiumwa, hata na kijibwa cha kwako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kadi ndani ya mkebe

Nilirudi Embu mwezi wa Aprili. Safari hiyo nilishuka kwa makusudi, nikamtafuta mama muuza chai. Kijibwa alikuwa pale, juu ya gunia kavu, manyoya yamekatwa mafupi. Utepe ulikuwa umetoweka, na mahali pake palikuwa na kamba laini iliyozungushwa kifuani isimkabe koo.

"Tunamwita Mgeni," mama aliniambia. Wanafunzi wawili wanaokunywa chai kwake asubuhi walichanga, wakamleta mtu wa mifugo. Mama mwenyewe hakuwa na mpango wa kufuga mbwa. Alisema tu kwamba usiku wa kwanza mvua ilinyesha, akashindwa kumwacha. Alifungua mkebe wa majani ya chai anamohifadhi vitu vyake vya maana, akanionyesha kadi ya chanjo iliyokunjwa vizuri kando ya kitambulisho chake.

"Bado hukimbilia magari?" nikauliza.

"Yale meupe tu," akasema. "Husimama ukingoni akaangalia. Kisha hurudi."

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Mgeni aliuona ufuko wake chini ya meza ya chai, kwa mtu ambaye hakuwa na nafasi kuliko mimi. Krismasi ijayo, mpenzi msomaji, gari jingine litapunguza mwendo penye steji fulani. Ombi langu ni kwamba lisiwe lako; na ukiwa wewe ndiwe abiria unayetazama dirishani, usiharakishe kupanda kama nilivyoharakisha mimi.