Jee, Mbio za Magari Ndizo Mfalme wa Mashindano?

Kila mashindano ya Safari Rally yanapokaribia, mimi na kaka yangu hukosana. Ugomvi wetu si wa shamba wala wa urithi. Kaka hushikilia kwamba katika mashindano yote aliyoyabuni bin Adamu, hakuna hata moja linaloweza kufua dafu mbele ya mbio za magari. Mimi humpinga. Tumebishana hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, na ajabu ni kuwa yeye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuyachukia magari, maanake hutembea kwa mguu mmoja na mkongojo.

Ndugu msomaji, hebu nikueleze kisa hiki tangu mwanzo, kisha wewe mwenyewe uwe hakimu.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza kumwagika. Katika enzi zake za fahari madereva waliendesha zaidi ya kilomita 5,000, usiku na mchana, katika barabara zile zile walizotumia wachungaji na ng'ombe wao. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara nyingine yakamaliza saba. Na katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi nilipoyaona kwa mara ya kwanza. Barabara ya kijijini kwetu, katika milima ya Taita, ni ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Tangu alfajiri tulijipanga kwenye kingo za barabara, wazee kwa vijana, hata akina mama waliokuwa wakienda kisimani wakatua mitungi yao. Gari la tatu au la nne lilipofika konani lilizama kwenye tope hadi milangoni. Bila ya kuambiwa, wanaume wa kijiji walilivamia wakalisukuma, na kaka yangu, aliyekuwa barobaro wa miaka kumi na sita, alikuwa mbele yao wote.

Gari lilichomoka kwa kishindo, likawamwagia tope kutoka utosini hadi miguuni, likapotea. Dereva hakugeuka nyuma. Watu walicheka na kushangilia. Kaka alikataa shati lake lisifuliwe kwa juma zima, akatembea nalo kijijini kama askari mwenye nishani.

Jioni ile baba aliuliza swali ambalo sijalisahau. "Gari lile likishinda, nani atakuwa ameshinda?" Kaka alimjibu pale pale: "Mimi pia, baba."

Nikiri kwamba hoja za kaka si za mtu mjinga. Yeye husema mkimbiaji hujaribiwa mapafu na miguu, na mcheza bao hujaribiwa akili. Lakini dereva wa Safari hujaribiwa macho, mikono, kumbukumbu, usingizi, njaa na moyo, vyote kwa pamoja. Isitoshe, hayuko peke yake. Kando yake yuko mwelekezi anayemsomea njia, na nyuma yao wako mafundi wanaobadilisha shokomzoba kwa dakika chache huku wamelala kwenye matope. Tena, husema kaka, haya si mashindano ya kasi tu. Mwenye pupa huishia mtaroni. Kwa karibu miaka ishirini madereva hodari wa Ulaya walikuja na magari yao mapya wakashindwa na wenyeji waliozijua barabara hizi. Mpaka mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola kutoka Finland, pamoja na mwelekezi wake Gunnar Palm wa Sweden, walipovunja mwiko huo.

Na hapo hunitajia Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho, akawa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda, yeye na ndugu yake Jaswant, katika Volvo iliyokwisha tumika. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 katika Mitsubishi Lancer, gari dogo ambalo wengi hawakulitia maanani. Aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Siri yake haikuwa kukimbia kuliko wote, bali kulitunza gari likafika. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kaka husema Joginder alilithibitisha neno hilo kwa gia na usukani.

Lakini vijana wa siku zile hawakulisikia neno hilo. Walichokiona ni vumbi na jina gazetini. Barabarani kila aliyepita kwa kasi aliitwa Joginder, naye alilipokea jina hilo kwa furaha.

Mwaka 1973 serikali iliruhusu matatu zibebe abiria bila ya leseni maalum, na kaka akapata kazi ya kuendesha pikapu ya Peugeot 404, gari la aina ile ile iliyoshinda Safari mara nne. Mwaka 1974, siku chache baada ya Joginder kunyakua ushindi wake wa pili, kaka alikuwa akiteremka mlima na abiria waliotoka sokoni. Mbele yake ilikuwako matatu nyingine. Mama mmoja aliyeketi nyuma na mikungu yake ya ndizi aligonga paa akalia, "Mwanangu, polepole!" Kaka alisikia. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye, mahakamani na nyumbani. Alisikia, akaongeza moto.

Pikapu ilipinduka mara mbili. Yule mama hakufika kwake. Kaka alikatwa mguu wa kulia juu ya goti, na alipopona alikwenda jela.

Sasa msomaji utaelewa kwa nini ubishi huu kwangu si mchezo. Mimi humwambia kaka kwamba mashindano yaliyo bora hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni hili: tukimvua mshindani vifaa vyake vyote, hubaki nini? Oktoba mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki kule Mexico, Kipchoge Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo, na madaktari walimshauri asikimbie. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimwangusha. Hata hivyo alirudi uwanjani, na katika mita 1,500 akamwacha nyuma kabisa Jim Ryun wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia nzima kwa saa. Alikuwa na viatu, kaptura na fulana, basi. Hakuna aliyeuliza ni kiwanda gani kilichoshinda. Lakini katika magari, mwenye fedha nyingi ana farasi wengi, na maskini mwenye kipawa hubaki akisukuma wenziwe watoke topeni.

La pili ni kubwa zaidi. Jee, kila aliyemo hatarini amekubali kuwamo? Mwaka 1955, kule Le Mans nchini Ufaransa, gari moja liliruka likawaangukia watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakafa. Hao walikuja kutazama, hawakuja kushindana. Sisi watu wa Pwani tunayo mashindano yetu: malenga hujibizana kwa mashairi, na Lamu hushindanisha punda wakati wa Maulidi. Anayeshindwa huona haya siku mbili tatu, kisha maisha huendelea.

Nilipomwambia hayo kwa mara ya kwanza nilidhani nimemmaliza. Kaka alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema:

"Usimsingizie Joginder kosa langu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa pointi. Ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi bila ya kupoteza pointi hata moja. Hawakupigana, kwa maana sheria ilikuwako na kila mmoja alikuwa ameikubali. Mimi siku ile sikuwa kwenye mashindano. Mashindano yana mwanzo, yana mwisho, na ana haki ya kuingia yule aliyeandikisha jina. Yule mama hakuandikisha jina lake popote."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Mwaka 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Sasa ni nyingine kabisa. Makao yake yalikuwa Naivasha, na kilomita za kushindaniwa zilikuwa kama 320 tu, katika barabara zilizofungwa. Tuliyatazama kwenye televisheni, mimi na kaka na wajukuu. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda. Wajukuu waliruka na kupiga makofi, na mmoja wao, anayejifunza kuendesha, akasema akipata leseni atawaonyesha watu.

Kaka alimwita. Alimshika mkono akauweka juu ya kigutu cha mguu wake, akamwambia, "Ukitaka kushindana, nenda ukaandikishe jina. Barabara ya abiria haina mshindi." Kisha akageukia televisheni akaendelea kushangilia.

Basi hukumu yangu ni hii. Mbio za magari ni mashindano makubwa, na Safari ya zamani ilikuwa karibu kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu ilimpa taji mwenye subira. Lakini taji la mfalme mimi nampa yule anayeshindana kwa mwili wake mwenyewe, ambaye akianguka huanguka peke yake. Kaka amekwisha yasoma maneno haya na amesema mimi ni mtu wa zamani, sijui kitu.

Jee, msomaji, wewe waonaje?