Chura wa Bondeni

Sogeeni, wanangu. Ami anataka kuwatembeza, wala hatuendi mbali. Ukitoka Chake Chake, hatua chache tu, njia inateremka. Kilima kimekwisha, bonde limeanza. Pemba ndivyo ilivyo: kilima, bonde, kilima, bonde. Juu mikarafuu na nyumba, chini mpunga na madimbwi yenye mayungiyungi.

Humo madimbwini anakaa Chura.

“Ami, chura ana kazi gani?”

Ahsante kwa swali! Mtoto anayeuliza hivi ana akili. Ngoja ajibu mwenyewe.

“Mimi nala mbu,” anasema Chura. “Na maji siyanywi kwa mdomo, nayanywa kwa ngozi. Kwa hiyo yakichafuka siwezi kuyakataa. Yananiingia tu.”

“Uchafu unatoka wapi?”

“Juu! Kila kitu kinatoka juu.”

Kweli. Bonde ni mtungi uliotegwa chini ya paa. Kilichopo juu ya paa, mvua ikinya, kimo mtungini. Masika yanapita mjini, yanazoa udongo, maji ya sabuni na mifuko. Mifuko ya plastiki Zanzibar iliipiga marufuku tangu 2006, lakini hebu kachungulieni mtaroni.

“Na zamani je?”

Zamani vilima vilikuwa msitu. Karne ya 19 watu wakafyeka, wakapanda mikarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, basi karafuu ikawa ndiyo mali ya huku. Siilaumu, imewasomesha wengi. Lakini msitu ulipungua. Nendeni Ngezi, kaskazini magharibi, mkaone uliobaki. Siku hizi ni zamu ya nyumba. Kiwanja kinachimbwa ubavuni mwa kilima, mizizi iliyoshika udongo inang’olewa, udongo unateremka na mvua. Dimbwi linajaa tope, na mayai ya Chura yamo chini yake.

“Kwa hiyo wa chini hawana kosa?”

Wanalo! Bonde linapokutana na bahari pana mikoko. Watu wanaikata: kuni, boriti, kuchomea chokaa. Kisha linakuja bamvua, maji makubwa, na hakuna wa kuyapunguza kasi. Yanapanda mpaka mpungani.

“Chumvi!” anapiga kelele Chura. Mpunga unageuka manjano. Viluwiluwi vinakufa. Mwenye shamba analihama, na chumvi haiondoki kwa mvua moja.

“Ami, tunaweza kupanda mikoko sisi?”

Mnaweza, na wengi Pemba wanapanda. Mkoko una maajabu yake: mbegu inaota ingali juu ya mti, ndefu, ya kijani, halafu inadondoka topeni. Okoteni zilizodondoka zenyewe, msizichume mbichi. Chagueni tope linalofikiwa na maji kujaa. Zichomekeni kwa kina cha kutosha zisichukuliwe na maji.

“Upande upi unaingia chini?”

Ule uliochongoka, mwanangu. Ukiugeuza juu, mizizi itaota wapi?