Fahamu: Jinsi roboti zinavyochambua taka Marekani

Karatasi, chupa za plastiki, makopo na katoni za maziwa zikitupwa katika pipa moja, lazima zichambuliwe kabla ya kuwa malighafi. Kazi hiyo ni chafu na ya hatari: wafanyakazi husimama kandokando ya mkanda unaokimbia, wakiokota kwa mikono huku wakikwepa vioo vilivyovunjika na sindano.

Matanya Horowitz, mhandisi mwenye shahada ya uzamivu kutoka chuo kikuu cha Caltech, aliona roboti zinaweza kusaidia. Mwaka 2014 alianzisha kampuni ya AMP Robotics jimboni Colorado.

Zinafanyaje kazi?
Kamera iliyo juu ya mkanda hupiga picha taka zinazopita. Programu ya akili mnemba, iliyofunzwa kwa mamilioni ya picha, hulitambua kopo hata likiwa limepondeka na kuchafuka. Kisha mkono wa roboti hushuka, hukinyonya kitu kwa kikombe cha mpira na kukitupa katika fungu lake. Kampuni inasema roboti moja huokota hadi vitu 80 kwa dakika.

Kwa nini usafi wa taka zilizochambuliwa ni muhimu?
Januari 2018 China, iliyokuwa ikinunua taka nyingi za Marekani, ilipiga marufuku aina 24 za taka kutoka nje. Tangu hapo, imekuwa vigumu kuuza taka zilizochanganyika.

Je, roboti zinatosha?
Hapana. Hazipunguzi plastiki inayozalishwa, wala haziokoi karatasi iliyolowa mchuzi. Kutenganisha taka nyumbani kunabaki wajibu wetu, na wanaochambua kwa mikono wanastahili glavu, bima na ujira wa haki leo hii.