Mapaja ya Mama Si Kiti cha Gari

Kila itokeapo ajali katika barabara itokayo Sagana kuelekea Karatina na Nyeri, waombolezaji huliwazana kwa methali ile ile: ajali haina kinga. Mimi ni mwalimu wa lugha na naziheshimu methali, lakini hii yafaa ichunguzwe. Neno "ajali" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya muda uliokadiriwa, yaani siku ya mtu kufa. Kwa hiyo kila tulitamkapo, huwa tumekwisha kukiri kwamba yaliyotukia yalikuwa yameandikwa. Hata hivyo, magari kugongana ni jambo moja, na mtoto kurushwa kutoka kitini ni jambo jingine. La kwanza pengine hatuliwezi. La pili lina kinga, nayo ni mkanda.

Neno jingine linalotupumbaza ni "kupakata". Ni neno tamu, lililojaa mapenzi ya mzazi. Ndani ya matatu, limegeuka kuwa neno la biashara. "Mama, mpakate mtoto, mwenzako aketi," husema utingo pale stendi ya Nyeri, na mtoto wa miaka minne aliyekuwa na kiti chake huinuliwa akawekwa mapajani. Mzazi naye huridhika, maadamu nauli imeokolewa.

Hebu tufanye hesabu. Sheria huiruhusu matatu kwenda kilomita 80 kwa saa. Ikigonga kitu na kusimama kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na mzigo wa zaidi ya kilo 220. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90, na ziada. Ni mama gani, hata awe mchuma chai hodari wa Othaya, awezaye kuyazuia kwa mikono? Isitoshe, ikiwa mama mwenyewe hakujifunga, uzito wake wote humwangukia mwanawe.

Kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, kila kiti cha matatu kilitakiwa kiwe na mkanda. Lilikuwa jambo jema, ijapokuwa abiria wengi walizoea kujifunga pale tu waonapo kizuizi cha polisi. Lakini kanuni hizo zilihesabu viti. Mtoto aliyepakatwa hana kiti, kwa hiyo hana mkanda. Na upanuzi wa barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, ulioanza mwaka 2020, haukupunguza hatari hiyo, kwani barabara pana hualika mwendo wa kasi.

Najua nitaambiwa kwamba nauli ni ghali. Ni kweli. Ndiyo sababu vyama vya matatu vya Nyeri, Nanyuki na Kerugoya vingefanya hisani kubwa vikimtoza mtoto nusu ya nauli na kumwachia kiti chake. Mzazi naye ahakikishe kwamba mkanda umelala juu ya nyonga za mtoto, wala si juu ya tumbo, na asithubutu kuuzungusha mkanda mmoja akajifunga pamoja naye, kwani atamponda.

Wenye magari yao binafsi hawana udhuru. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga garini kwa yapata asilimia 70. Kiti hicho hufungwa nyuma, na mtoto mchanga huelekezwa kisogo mbele. Anunuaye gari kwa mamia ya maelfu ya shilingi asishindwe na bei ya kiti.

Wahenga waliotuachia methali ya ajali walituachia na nyingine: tahadhari kabla ya hatari. Hiyo ndiyo tuikumbuke stendini, utingo anapotwambia tumpakate mtoto.