Tendo na Matokeo Yake: Urefu wa The Witcher 3

The Witcher 3: Wild Hunt ni mchezo wa video wa kuigiza mhusika uliotolewa Mei 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland. Mchezaji huwa Geralt, mwindaji wa mazimwi anayeuza ujuzi wake kijiji hadi kijiji huku akimtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama mwanawe. Anayefuata hadithi kuu peke yake humaliza kwa takriban saa 50. Anayesimama kusikiliza shida za kila kijiji huvuka saa 100, na wengi hukaa nao miezi kadhaa. Urefu wa kiasi hicho hutiliwa shaka, tena kwa haki, kwa kuwa michezo mingi ya aina hii hurefushwa kwa kazi za kurudiarudia. Hapa, sehemu bora za urefu huo zina kazi: zinaliweka tendo mbali na matokeo yake.

Asili ya aina hii ya michezo iko mezani. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa dadu, karatasi na masimulizi, ambamo mhusika huanza dhaifu, hukusanya pointi za uzoefu na kupanda ngazi. Kompyuta zikaurithi utaratibu huo, na pamoja nao sababu ya kwanza ya urefu: nguvu hazipatikani kwa siku moja. Geralt naye hupanda ngazi, ila haanzi akiwa mtu asiye na jina. Alibuniwa na mwandishi Andrzej Sapkowski, ambaye hadithi yake ya kwanza kumhusu ilitoka katika jarida la Fantastyka mwaka 1986, na michezo miwili ilikwisha kutengenezwa juu yake, mwaka 2007 na 2011. Anaingia katika mchezo wa tatu akiwa fundi mwenye makovu. Kinachokua zaidi ni uelewa wa mchezaji juu ya watu anaokutana nao.

Eneo la mwanzo, White Orchard, ni dogo, na ndilo darasa. Kijiji kinahangaishwa na pepo wa kike anayezuka kisimani mchana, aina ya kiumbe ambacho simulizi za Waslavoni hukiweka mashambani wakati wa jua kali. Kabla ya kuchomoa upanga wa fedha, Geralt huhoji wanakijiji, hufuata alama ardhini, hushuka kisimani kutafuta bangili na kuichoma maiti iliyosahauliwa. Mwishowe zimwi lina jina, na kifo chake cha kwanza kina mhalifu. Tangu hapo mchezaji hujifunza kuuliza kabla ya kupiga.

Katika eneo hilohilo yumo Lena, msichana aliyejeruhiwa vibaya na zimwi aina ya griffin, anayetunzwa na mganga wa miti shamba. Geralt ana dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya miili ya wawindaji kama yeye, ambayo kwa mtu wa kawaida ni sumu. Anaweza kumpa au kumwacha. Mchezo hautoi alama, wala hausemi kama uamuzi ulikuwa mwema, na mchezaji huendelea na safari. Iwapo dawa ilitolewa, muda mrefu baadaye, katika kambi ya jeshi vamizi la Nilfgaard, askari aliyempenda Lena humweleza Geralt kwamba msichana alipona mwili, lakini akili haikurudi. Nguvu ya tukio hili iko katika kuchelewa kwake. Wachezaji wengi wakiona matokeo mabaya hurudi pale walipohifadhi mchezo na kuchagua upya. Saa nyingi zikishapita, kurudi nyuma ni kutupa kazi yote iliyofanyika katikati, na wengi huishi na walichokitenda.

Mbinu hiyo hufikia kilele huko Velen, nchi ya vinamasi iliyoharibiwa na vita. Phillip Strenger, askari aliyejitwalia utawala na kuitwa Bloody Baron, anajua alikopita Ciri, lakini hatasema mpaka mkewe Anna na binti yake Tamara watafutwe. Mwanzoni ni mlevi mwenye huzuni na ukarimu. Polepole hubainika kwamba alikuwa akimpiga mkewe, kwamba mimba iliharibika, na kwamba kitoto kilichozikwa bila jina kimegeuka zimwi. Geralt anaweza kukiua, au kumshurutisha baba akibebe mikononi usiku, akipe jina na kukizika chini ya kizingiti. Sehemu hiyo ni miongoni mwa maandishi bora kuwahi kuwekwa katika mchezo wa video, kwa sababu haimsamehe Strenger wala haimnyimi ubinadamu.

Mahali pengine Velen, roho iliyofungwa mtini huahidi kuwaokoa yatima walio mikononi mwa wachawi watatu wa kinamasi. Ikiachiliwa, watoto hupona, lakini kijiji cha Downwarren huangamia, Anna, aliyekuwa akiwatunza watoto hao, hufa na Strenger hujinyonga. Ikiuawa, watoto hutoweka. Anna huishi akiwa amepungukiwa na akili, na mumewe huondoka naye kumtafutia tiba. Hakuna njia iliyo safi.

Hatima ya Ciri nayo huamuliwa na mambo yanayoonekana madogo. Anapovunjika moyo, Geralt anaweza kumwalika kurushiana theluji au kukaa naye wanywe. Anapokwenda kukutana na wanawake wachawi, anaweza kumwacha aingie peke yake au kumfuata. Mchezo huhesabu nyakati hizo kimya kimya, kisha mwishoni hutoa jibu: malezi ya kumwamini humpa nguvu ya kurudi hai, malezi ya kumdhibiti humpoteza.

Si kila saa ina uzito huo. Masanduku ya magendo yaliyotapakaa baharini kuzunguka visiwa vya Skellige yanachosha, na kupanga panga na mavazi begani hula muda bila faida. Mchezo wa karata wa Gwent, kinyume chake, ni pumziko zuri, na muziki uliotungwa kwa msaada wa bendi ya Percival huipa ardhi hiyo sauti yake.

Nyongeza mbili zilifuata, Hearts of Stone Oktoba 2015 na Blood and Wine Mei 2016. Ya pili humpa Geralt nyumba na shamba la mizabibu huko Toussaint. Mwishoni mwake hufika mgeni mmoja: Ciri, mmoja wa wachawi anaowapenda, Yennefer au Triss, au rafiki yake mwimbaji Dandelion, kutegemea maamuzi ambayo mchezaji aliyafanya katika mchezo wa awali.