Kujifunza Muziki Mbali na Mji

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, chenye mikarafuu na minazi mingi. Watu wake wamezidi laki tano, lakini walio wengi hawakai mjini. Miji yenyewe ni mitatu tu, Wete, Chake Chake na Mkoani, nayo yote si mikubwa. Watu wengine wako mashamba na pwani, tangu Makangale upande wa kaskazini hata Kengeja upande wa kusini. Katika habari hii tutaeleza jinsi watu wakaao mbali na mji wanavyoweza kupata mafundisho ya muziki, na kwa nini jambo hilo lina taabu kuliko mtu adhanivyo.

Kwanza, msidhani kwamba kijiji kisicho na shule ya muziki hakina mafundisho. Mtoto wa Pemba huanza kufundishwa kabla hajajua kwamba anafundishwa. Tazameni ngoma ya msewe, ambayo asili yake ni Pemba. Jina lake latokana na njuga zifungwazo miguuni mwa wachezaji. Wanaume huvaa kanzu na kofia, na kila mguu ukanyagapo chini njuga hulia, hata miguu yenyewe ikawa ngoma nyingine juu ya ngoma. Mchezaji mmoja akichelewa kidogo, kila mtu husikia. Je, nani aliyemfundisha? Hapakuwa na ubao wala chaki. Alisimama kando akatazama, akajaribu peke yake mchangani pasipo mtu wa kumcheka, hata siku moja mkubwa akamwambia, "Haya, ingia."

Dufu nalo ni vivyo hivyo. Ni ngozi ya mbuzi iliyowambwa juu ya duara la mti, nalo hupigwa pamoja na kasida na maulidi. Kabla ya kupigwa hupashwa moto ili ngozi ikaze. Mara nyingi kazi hiyo hupewa mtoto, naye huiona kuwa ni kazi ya kitoto. Lakini kwa kweli amekwisha kuanza kusoma, maana hana budi kuligonga dufu kwa vidole na kusikiliza kama limekaza au bado. Sikio lake lanolewa pale motoni.

Huenda mtauliza, ikiwa ni hivyo, shule ni ya nini? Jibu limo katika vyombo vya nyuzi, na hasa udi na kanuni, vitumikavyo katika taarabu.

Kanuni ni sanduku pana, jembamba, ambalo upande wake mmoja umekwenda mshazari. Mpigaji huliweka mapajani, akafunga vidude vidogo katika vidole vya shahada, akazidona nyuzi. Nyuzi hizo mara nyingi zafika 78, nazo zimepangwa matatu matatu, kila tatu zikitoa sauti moja. Basi fikirini: kabla ya kupiga wimbo wowote, nyuzi zote hizo hazina budi kukazwa moja moja mpaka zipatane. Ikiwa moja katika tatu imelegea kidogo tu, sauti huharibika kama wali wenye mchanga. Tena si kupatana tu. Muziki wa Kiarabu una sauti nyingine zilizo katikati ya sauti mbili za piano zilizo jirani, na kila maqamu, yaani kila mpango wa sauti, una mahali pake pa kuziweka. Udi nao, wenye tumbo la mviringo na nyuzi 11 kwa kawaida, hauna alama yoyote shingoni ya kuonyesha kidole kiwekwe wapi. Sikio tu ndilo liongozalo.

Mtu hawezi kujifunza haya kwa kutazama kutoka kando. Vidole vyaonekana, bali yale asikiayo fundi hayaonekani. Hapana budi mwalimu akae na mwanafunzi, amwambie, "Hapo umepanda; shuka kidogo," na amwambie hivyo siku nyingi. Hata masultani walilijua jambo hilo. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alipotaka muziki huo katika jumba lake, alimpeleka mtu mmoja, Mohamed Ibrahim, mpaka Misri akajifunze kupiga kanuni. Naye aliporudi akawafundisha wengine. Kisha mwaka 1905 watu wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimedumu miaka zaidi ya mia. Lakini angalieni: elimu hiyo ilitoka mji wa Cairo ikaingia mji wa Unguja, ikakaa humo. Wa mashamba aliyeitaka alipaswa kuifuata.

Mmoja aliyeifuata alikuwa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya maskini, naye alikuwa akitembeza vyungu kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko ndiko alikofundishwa kuimba pamoja na vyombo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nchi ya Uhindi, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na nyimbo zake za Kiswahili zikasikika pwani yote. Watu husifu sauti yake, na ni haki kuisifu. Lakini sauti ile alikuwa nayo tangu Fumba. Kama asingaliondoka, ingalisikiwa na wanunuzi wa vyungu tu. Ni wasichana wangapi wa vijiji vya Pemba, ambao kwao mji mkubwa uko ng'ambo ya bahari, waliokuwa na sauti nzuri na hawakuondoka?

Siku hizi kuna chuo hasa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa Unguja mwaka 2002, katika jumba la kale la forodha lililo mkabala wa bahari. Humo vijana wa kiume na wa kike wamefundishwa udi, kanuni, fidla, ngoma na kuimba, pamoja na kusoma na kuandika alama za muziki. Huko Bara pia, serikali ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na sasa huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Lakini chuo cha namna hii ni ghali. Mwaka 2019 wakuu wa chuo cha Unguja walitangaza kwamba fedha za wafadhili zilikuwa zikiisha na kwamba huenda wakafunga milango, maana wanafunzi wengi hawakuweza kulipa hata ada iliyo ndogo. Chuo kilinusurika. Walakini, ikiwa chuo cha mjini kilifikia hali hiyo, je, cha Micheweni kingetegemea nini?

Katika nchi ya Venezuela, huko Amerika ya Kusini, walipata njia yao. Mwaka 1975 José Antonio Abreu aliwakusanya vijana wachache mjini Caracas wapige muziki pamoja. Hakuridhika na mji mkuu. Vituo vya namna ile vikafunguliwa katika miji midogo ya majimbo, na aliyetangulia kujua alimwonyesha aliye nyuma yake, hata kabla hajawa fundi kamili. Serikali ndiyo iliyolipa gharama, na mimi sidhani kwamba kila nchi yaweza kufanya hivyo. Lakini ile desturi ya mwanafunzi kumfundisha mwenzake haina gharama yoyote, tena si ngeni kwetu. Ndiyo ile ya msewe.

Na vyombo je? Hapa Zanzibar kuna muziki uitwao kidumbaki, ambao watu wengine huudharau kuwa ni taarabu ya maskini. Mimi naona ndio mlango mzuri kuliko yote wa shule ya kijijini. Wahitaji vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo za ngozi. Cherewa, ambazo ni vifuu vya nazi vyenye mbegu ndani. Mkwasa, ambao ni vijiti viwili vya kugonganisha. Na sanduku, ambalo hasa ni sanduku la chai lililotiwa mti na uzi mmoja. Mpigaji wa sanduku huuvuta ule mti ili uzi ukaze na sauti ipande, huulegeza ili ishuke. Hana alama ya kumwongoza, kama vile mpigaji wa udi asivyo na alama. Basi mtoto aliyekaa na sanduku mwaka mmoja amekwisha kupata nusu ya somo la udi, na chombo chake kimetengenezwa na seremala wa kijiji. Kitu kimoja tu ndicho cha kununuliwa, yaani fidla, maana fidla ndiyo ichukuayo wimbo.

Wapigaji wengi wa taarabu waliosifiwa mjini walipitia mlango huo. Baada yake ndipo mwalimu wa udi au kanuni ahitajiwapo, naye si lazima akae kijijini mwaka mzima. Akija kwa majuma machache, atakuta masikio yaliyokwisha kufunguka. Ila jambo moja hana budi kulikumbuka. Uzi ukikatika mjini, hununuliwa jioni ile ile. Ukikatika Makangale, mwanafunzi hungoja chombo kivuke bahari, na pepo za kusi zikivuma kwa nguvu hungoja zaidi. Kwa hiyo mwalimu aendaye huko na achukue nyuzi za akiba nyingi kuliko vitabu, na somo lake la kwanza liwe jinsi ya kufunga uzi.